Karatasi Kwanza, Njiwa Baadaye

Mtu asiyejua bunduki yake inayatawanya vipi marisaa hana haki ya kuielekeza kwa kiumbe hai. Nayasema haya nikiwa mpigaji wa njiwa. Naishi Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare ya kabichi, njegere na kanola, na Jumamosi nyingi za majira ya baridi utanikuta nyuma ya neti ukingoni mwa shamba la mtu, kwa ruhusa yake, nikiwasubiri njiwa pori.

Kwa sisi tuliokulia Kilombero, Tanzania, kazi ya kulinda shamba dhidi ya ndege si ngeni. Tuliamia mpunga tukiwa juu ya dungu, kwa kombeo, kwa makopo na kwa sauti zilizotukauka kabla ya saa nne asubuhi. Huku hakuna kwelea. Mharibifu mkuu ni njiwa mnene wa kijivu, mwenye baka jeupe shingoni, uzito wake karibu nusu kilo. Wataalamu wa ndege wanakadiria kwamba Uingereza ina jozi zipatazo milioni 5 za njiwa hawa wanaozaliana. Januari na Februari, mbegu za mwaloni zikiisha msituni, hushuka kwa mamia juu ya kanola changa na kuila majani hadi kubaki vikonyo. Mkulima hufunga mizinga ya gesi inayolia yenyewe, hupandisha tiara zenye umbo la mwewe, huning'iniza nailoni. Baada ya siku chache njiwa huizoea mizinga, hata kutua jirani nayo.

Hapo ndipo bunduki inapoingia, na inaingia kwa masharti. Sheria za Uingereza humlinda kila ndege wa porini, njiwa akiwemo. Anayempiga hufanya hivyo chini ya leseni ya jumla ya serikali. Aprili 2019 Natural England, taasisi ya uhifadhi, ilizifuta ghafla leseni za aina hiyo baada ya kikundi cha Wild Justice, kilichoanzishwa na Chris Packham, Mark Avery na Ruth Tingay, kuhoji uhalali wake kisheria. Kwa wiki kadhaa wakulima walibaki hawajui la kufanya, kisha zikatolewa leseni mpya zenye maneno makali zaidi. Leseni inayotumika England kwa ajili ya mazao inaruhusu kuua njiwa ili kuzuia hasara kubwa shambani, na pale tu njia nyingine zisipotosha. Haikutolewa kwa ajili ya burudani, wala kwa ajili ya nyama, ingawa nyama ikishapatikana hailaliwi njaa. Kifua cha njiwa kwenye rosti ya nazi ni chakula cha kumkirimu mgeni.

Mimi naona masharti yale yanamdai mpigaji jambo moja ambalo hayalitaji. Kama taifa zima limekubali njiwa afe kwa sababu ya kanola, basi anastahili kufa mara moja, hewani, kabla hajagusa ardhi. Asiruke na punje mbili tumboni kwenda kufa baada ya siku mbili ndani ya vichaka vya miiba. Na kifo cha mara moja, kwa bunduki ya marisaa, kinategemea kitu ambacho wapigaji wengi ninaowafahamu hawajawahi kukitazama kwa macho yao: umbo la wingu la punje linalotoka mdomoni mwa mtutu wao.

Nieleze kwa wasiozoea silaha hii. Katriji moja ya namba 12, yenye gramu 28 za marisaa ya namba 6, ina punje kama 267, kila moja ikiwa na upana wa milimita 2.6. Zinatoka zimeshikana, kisha zinaachana kadiri zinavyokwenda mbali. Zikiachana mno, njiwa anapita katikati ya nafasi zilizo wazi au anapata punje moja isiyomuua. Zikishikana mno, unamkosa kabisa au unampasua asifae hata kwa paka. Kinachoamua ni choki, yaani mbano kidogo kwenye sentimita za mwisho za mtutu. Ndani, mtutu wa namba 12 una upana wa kama milimita 18.5. Robo choki huupunguza kwa robo milimita hivi, nusu choki kwa nusu milimita, choki kamili kwa karibu milimita nzima. Vipimo hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua njiwa aliye mita 35 atakufa au atajeruhiwa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. William Rochester Pape, fundi bunduki wa Newcastle, aliliandikishia hataza mwaka 1866. Huko Birmingham, W. W. Greener akaliboresha, na mwaka 1875 jarida la The Field likaitisha mashindano mjini London kuona kama mitutu iliyobanwa inaishinda mitutu ya zamani. Bunduki za Greener zilishinda. Jambo ninalolipenda katika kisa hicho ni namna walivyoamua ubishi: hawakusikiliza sifa za fundi wala majigambo ya wawindaji, walipiga shabaha za karatasi na kuhesabu matundu.

Kipimo kilichozoeleka hadi leo ni hiki: duara la inchi 30, yaani sentimita 76, kwa umbali wa yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Unahesabu punje zilizoingia ndani ya duara, unazigawa kwa idadi ya punje zilizokuwa ndani ya katriji, unapata asilimia. Meja Gerald Burrard, aliyeandika juzuu tatu kuhusu bunduki ya marisaa miaka ya 1930, aliwaachia wapigaji majedwali ambayo bado yananukuliwa: mtutu usiobanwa asilimia 40, robo choki 55, nusu choki 60, choki kamili 70. Kwa njiwa, wazoefu hutaka punje kama 120 hadi 130 ndani ya duara hilo. Ukipiga hesabu kwa katriji yangu ya punje 267, mtutu usiobanwa unakupa 107, hazitoshi. Robo choki inakupa 147, zinatosha na kubaki. Ukisogea hadi yadi 30, ambako njiwa wengi wanaofuata njiwa bandia hupigwa, hata choki hafifu kabisa inaingiza asilimia 72 ndani ya duara. Kwa hesabu ya majedwali peke yake, mtu angefunga mjadala hapo, akaenda dukani.

Lakini majedwali yanazungumzia wastani wa mitutu mingi, nawe una mtutu mmoja. Herufi au nyota iliyochongwa ubavuni inaeleza kiwanda kilikusudia nini. Katriji utakayoichagua inaweza kuyageuza makusudio hayo. Mfano ninao mkononi. Bunduki yangu ina mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, wa chini robo choki na wa juu nusu. Nimeijaribu kwa aina mbili za katriji, zote gramu 28, zote namba 6, zote za viwanda vya Hull, ng'ambo ya mto Humber. Moja ina kizibo cha nyuzi kati ya baruti na marisaa. Nyingine inayabeba marisaa ndani ya kikombe cha plastiki. Kutoka mtutu uleule wa chini, ile ya plastiki ilisonga katikati ya duara hadi karatasi ikachanika, pembeni ikabaki peupe. Ile ya nyuzi ilitandaa vizuri duara zima. Kwenye jedwali zote mbili ni robo choki. Kwenye karatasi, ile ya plastiki ilikuwa inafanya kazi ya choki kali mno kwa njiwa anayetua mita 22 kutoka kwenye neti yangu. Nilichagua ya nyuzi, na mwenye shamba alifurahi kwa sababu yake mwenyewe: hataki vikombe vya plastiki kwenye udongo wake.

Namna ya kupima haina siri. Tafuta karatasi ya upana usiopungua mita 1.2 kila upande. Iwambe kwenye fremu ya mbao. Weka alama katikati. Nyuma yake pawe na tuta la udongo au uwanja mtupu usiopungua mita 300, maana marisaa ya namba 6 huweza kufika mita 200 na ushei. Pima umbali kwa futi kamba. Hatua za miguu hudanganya. Piga kwa utulivu. Halafu usichore duara kwenye alama uliyolenga, bali tafuta mahali punje zilipojaa zaidi, chora duara hapo, na uone pako umbali gani kutoka kwenye alama. Hilo nalo ni funzo: kuna bunduki zinazopiga juu kidogo, kuna zinazopiga kushoto, na kuna vitako visivyomfaa mwenye nazo. Kisha badilisha karatasi, urudie. Karatasi moja haikwambii kitu, kwa sababu katriji mbili za boksi moja hazifanani kabisa. George Oberfell na Charles Thompson, waliochapisha utafiti wao Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma mwaka 1957, walionyesha kwa hesabu ndefu kwamba punje huangukia kwa bahati ndani ya wingu, na kwamba mtu anayetaka kujua mtutu wake atazame wastani wa karatasi kadhaa. Na ukiwa na kisu kizuri, kata katriji moja uhesabu punje zake mwenyewe, usitegemee maandishi ya boksi.

Baada ya kuhesabu, mimi hufanya jambo moja zaidi, na ndilo ningependa kila mpigaji alifanye. Ninakata kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa njiwa aliyenyonyolewa, ninakipitisha juu ya karatasi nikitafuta mahali kinapoweza kukaa bila kuguswa na punje tatu au nne. Ukubwa wa aliyenyonyolewa, narudia. Njiwa pori amejaa manyoya. Mwili wenyewe ni mdogo, na moyo, mapafu na ubongo ni sehemu ndogo zaidi ya mwili huo. Anayefanya zoezi hili kwa mita 36, halafu akasogeza karatasi hadi mita 50 na kulirudia, hahitaji tena kuambiwa na mtu aache kupiga ndege wa mbali. Anaona matundu yalivyopungua. Asichokiona ni kwamba punje iliyotoka mdomoni kwa mita kama 400 kwa sekunde imeshapoteza karibu nusu ya mwendo wake ikifika yadi 40, na inaendelea kuchoka.

Kuna msemo huku kwamba njiwa ana ngozi ngumu, manyoya yake hurudisha punje, kwa hiyo zinahitajika katriji nzito za gramu 36 na choki kamili. Nimeusikia kwa watu wazima, wenye miaka mingi ya bunduki kuliko mimi, na bado siuamini. Manyoya ya njiwa yamelegea kwenye ngozi. Akiguswa na punje moja ya pembeni, kiganja kizima cha manyoya hutawanyika hewani, naye anaendelea kuruka. Mpigaji anayaona manyoya, anasema nilimpata lakini risasi haikuingia. Ukweli ni kwamba ukingo tu wa wingu ulimpitia. Nimekaa shambani jirani na mpigaji wa aina hiyo, akifyatua kwa njiwa wanaopita juu ya miti, wa mita 55 na zaidi, kila mara akisifia nguvu ya katriji yake. Nilitazama ndege wawili wakiyumba na kushukia nyuma ya mfereji ambako hakuna mbwa wala mtu aliyewafuata. Yule bwana hana roho mbaya. Hajawahi kuona karatasi yake.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito zaidi. Wanasema karatasi imesimama, njiwa anaruka. Wingu la marisaa lina urefu pia, na karatasi inaonyesha upana tu. Ni kweli. Kufikia yadi 40, punje za mbele zimewaacha za nyuma kwa mita kadhaa. Mmarekani Bob Brister, aliyekuwa mwandishi wa habari za uwindaji huko Houston, aliichukulia hoja hii kwa uzito kuliko wote: alitengeneza shabaha ya futi 16 juu ya trela, mkewe akaivuta kwa gari kwa kasi, naye akaipiga ikipita. Alichapisha matokeo mwaka 1976. Namvulia kofia Brister, na zaidi mama yule aliyekuwa kwenye usukani. Lakini somo lao halimwondolei mtu karatasi ya kawaida. Kama wingu lina mapengo kwenye karatasi iliyosimama, halitaziba mapengo hayo kwa sababu ndege anaruka.

Hoja ya pili ni gharama. Katriji huuzwa boksi la 25, na kupima kwa haki kutamaliza boksi moja au mawili. Mtu anayebeba katriji 250 kwenda shambani siku moja ya Februari hawezi kuniambia kwamba boksi moja la kupimia linamfilisi.

Na sasa hata wazee wasiotaka kubadilika watalazimika. Marisaa mengi bado ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tangu 1999 yamekatazwa England kwa kupiga bata na ndege wengine wa majini. Mwaka 2012 wakala wa usalama wa chakula uliwashauri walaji wa mara kwa mara wa nyama ya mawindo wapunguze, hasa watoto wadogo na wajawazito, nasi tunaowapikia watoto nyumbani tulilisikia hilo. Februari 2020 jumuiya tisa za wapigaji zilitangaza zitaachana na risasi kwa hiari ndani ya miaka 5. Mwendo ukawa wa kinyonga. Julai 2025 serikali ikatangaza marufuku kwa England, Scotland na Wales, pamoja na kipindi cha mpito cha miaka 3. Naiunga mkono marufuku hiyo bila kusitasita.

Ila marisaa ya chuma ni kitu kingine kabisa. Chuma ni chepesi: sentimita moja ya ujazo ina uzito usiofika gramu 8, wakati ya risasi inazidi 11. Punje ya ukubwa uleule inachoka mapema, kwa hiyo kanuni ya wapigaji ni kupanda saizi mbili, aliyetumia namba 6 atumie namba 4. Chuma ni kigumu pia, hakibonyei ndani ya mtutu, ndiyo maana punje zake hubaki pamoja zaidi. Robo choki hutoa mtawanyiko ambao kwa risasi ungehitaji choki kali kuupata, na choki kamili haishauriwi, maana inaweza kuharibu mtutu. Aliyejua bunduki yake kwa miaka 30 akiwa na risasi, siku anapotia katriji ya chuma ameshika bunduki asiyoijua. Wanaolalamika kwamba chuma hakiui ningewasikiliza vizuri zaidi wangekuja na karatasi. Huko Texas watafiti waliwapa wawindaji wa hua katriji za chuma na za risasi bila kuwaambia ipi ni ipi, na matokeo ya mawindo hayakutofautiana. Tahadhari moja ya lazima: chuma usikipime kwenye bamba la chuma lililopakwa chokaa kama yale ya viwanja vya zamani. Punje zitakurudia usoni. Tumia karatasi.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kuyasoma haya kama habari za mbali. Tanzania ni tofauti. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu uwindaji kwa leseni, na wapo wenye leseni wanaokwenda kuwapiga kanga, kwale na njiwa kwa bunduki zilizorithiwa kutoka kwa baba, mitutu ambayo hakuna anayekumbuka ina choki gani, kwa katriji zilizopatikana dukani siku hiyo. Kwao kupima kunahitajika zaidi kuliko kwangu, kwa sababu hawachagui boksi kati ya maboksi ishirini. Karatasi ya kaki ya kufungia mizigo inatosha, ikibandikwa kwa uji wa unga wa ngano kwenye fremu ya mianzi. Kanga ni mkubwa kuliko njiwa na mgumu kweli, na anapenda kukimbia kuliko kuruka. Aliyejeruhiwa akaingia kichakani huonani naye tena. Wanaotoa leseni za uwindaji wangeweza kumtaka mwombaji alete karatasi zake tatu, zenye duara na hesabu, kabla ya kulipia. Haligharimu serikali chochote.

Kwa upande wangu, hapa Lincolnshire, nimeshaanza kuwaomba wakulima ninaowafahamu wafanye hivyo wenyewe. Leseni ya jumla haimtaki mpigaji apite mtihani wowote. Mwenye shamba ndiye anayeamua nani aingie. Basi anayekuja kuomba ruhusa mwezi Januari, aulizwe mambo mawili: unatumia katriji gani na choki gani, na karatasi yako iko wapi. Akiwa nayo, mfungulie geti. Akiwa hana, mwelekeze kwenye uwanja wa kupimia ulio karibu, arudi wiki ijayo.